Bibi Shamba Anajibu: Duranta imebaki vijiti chini, nikate wapi?

Masika yanakaribia na meseji mlizonitumia karibu zote zinauliza kuhusu kupogoa. Nimechagua za vichaka vifupi vya bustani, vile vinavyobaki na majani mwaka mzima, kwasababu hivyo ndo naona vinateswa sana na mkasi. Watu wanavikata vyote namna moja, wakati kimoja ukikikata mpaka chini kinacheka na kingine ukikikata hivyo hivyo umekiua.

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Mimi niko Goba, Dar es Salaam. Nina ua wa duranta ya njano kutoka getini mpaka barazani, unanifika juu kidogo ya goti. Mwanzo ulikuwa unang'aa mpaka majirani wananiomba vipandikizi, sasa hivi juu kuna majani kiasi lakini chini ni vijiti vitupu, kuku wanapita katikati. Upande wa kwenye mwembe ile njano imepotea kabisa, imekuwa kijani. Kijana anayenikatia anakuja kila baada ya wiki mbili na mkasi mkubwa wa fensi, anasawazisha juu anaondoka. Baba watoto anasema tung'oe tuweke kitu kingine. Nisaidie kabla hatujang'oa.

JIBU: Marahaba mwanangu, na mwambie baba watoto aweke jembe chini kwanza, huo ua haujafa. Duranta ni mmea mbishi, asili yake nchi za joto za bara la Amerika, Mexico na visiwa vya Karibi mpaka Amerika Kusini, na ina sifa moja ambayo baadhi ya vichaka havina: ukiikata hata kwenye shina la zamani lisilo na jani hata moja, inachipua. Hiyo sifa ndo inakuokoa wewe.

Leo jioni jua likipoa chuchumaa pembeni ya huo ua, ingiza mikono miwili katikati, ufungue kama unavyofungua pazia, angalia ndani. Vaa glavu maana duranta nyingine zina miiba. Utakuta majani yote yamejazana kwenye tabaka la nje tu, unene wa kiganja hivi, chini ya hapo giza na vijiti vya kahawia. Hiyo hali inatokana na mkasi. Ncha ya kila tawi inatengeneza homoni inayoyazuia macho ya pembeni, yaani vile vinundu vya kuchipulia, yasichipue, ukiikata ile ncha yale macho yaliyo karibu na kidonda yanaamka yote kwa pamoja, sasa kama unakata pale pale kila wiki mbili, yanaamka pale pale kila wiki mbili, juu panazidi kuwa pazito, mwanga haushuki, na jani lisilopata mwanga mmea unaliacha lianguke, haulishi mtu asiyefanya kazi. Kwahiyo kijana wako kukata anajua, shida anakata kwenye mstari mmoja siku zote na anakata juu tu.

Sasa dawa yake. Usikate leo. Jua hili la Februari likipiga magome ambayo yamekaa kivulini muda mrefu yanaungua, na mmea hauna maji ya kutosha kusukuma machipukizi. Subiri mvua za kwanza za masika zinyeshe udongo ulowe, kwenu Dar tuseme kuanzia katikati ya Machi kwenda mbele, chagua asubuhi ya mawingu. Ule mkasi mkubwa utulie ndani siku hiyo, tumia mkasi mdogo wa kupogolea unaoshikwa kwa mkono mmoja, na mashina yanayozidi unene wa kidole gumba tumia msumeno mdogo. Panga hapana. Panga linapasua shina, maji ya mvua yanaingia kwenye ufa, pale panaoza, ukija kushtuka shina zima limekauka kuanzia juu. Na kabla ya kuanza, na kila ukihama kutoka kwenye mmea unaoonekana mgonjwa, futa meno ya mkasi kwa spiriti.

Kata mashina yote yabaki sentimita 20 mpaka 30 kutoka ardhini. Najua utaona vibaya, wageni watakuuliza umefanya nini, lakini kwa duranta yenye afya mimi sizunguki, nakata yote mara moja ili ichipue kwa usawa. Kama unaogopa kabisa, gawanya: safari hii ondoa theluthi ya mashina, yale manene ya zamani, mpaka chini, mengine yaache, mvua zinazofuata theluthi nyingine, na kadhalika. Inachukua muda ila bustani haibaki uchi. Kwa ule upande wa mwembe ndo nakushauri uende taratibu hivyo, kwasababu mmea uliopo kivulini hauna nguvu ya kujijenga upya haraka.

Ukimaliza kukata, okota uchafu wote ulionasa katikati, majani makavu, mifuko, viota vya sisimizi. Weka samadi iliyoiva, ndoo moja ndogo kwa kila mita mbili za ua inatosha, changanya juu juu na udongo bila kuchimba sana maana mizizi iko karibu. Juu yake tandaza majani makavu ila yasigusane na mashina. Mvua ikikatika siku kadhaa mwagilia.

Baada ya wiki mbili tatu utaona vinundu vya kijani vinatokeza kwenye yale mashina uliyodhani yamekufa. Kama kuna shina una wasiwasi nalo, kwangua gome kidogo kwa ukucha: ndani kukiwa na kijani kibichi lipo hai, lipe muda, kukiwa kahawia kavu likate mpaka ukute kijani au ulitoe kabisa.

Na hapa ndo watu wengi wanapoharibu. Machipukizi yanatoka kwa kasi, mtu anafurahi, anayaacha yapande mpaka kimo cha zamani halafu ndo anaanza kukata tena. Utarudi kule kule kwenye vijiti. Chipukizi likifika sentimita 15 hivi, likate nusu. Likitoa matawi, yakifika tena urefu huo, kata nusu tena. Unalijenga tumbo la ua kuanzia chini, kila ukikata unapata matawi mawili matatu pale palipokuwa na moja, na yako chini unakoyataka. Ni kazi ya miezi kadhaa, ila ikikamilika kuku hapiti.

Ukishafika kimo chako, shika umbo. Chini pawe papana kuliko juu, kila upande uegemee ndani kidogo unavyopanda. Watu wanapenda kuta zilizosimama wima kabisa, na wengine mkono unawateleza juu panakuwa papana kuliko chini, hiyo ndo mbaya zaidi, juu panakula mwanga wote. Mpe kijana vijiti vinne na uzi, achomeke pande zote, avute uzi akate kwa kufuata uzi, jicho peke yake linadanganya. Kila akikata aache mstari upande kidogo tu, sentimita moja mbili, asigonge kidonda kile kile, halafu mara chache kwa mwaka mnashusha wote. Na kila baada ya miezi michache wewe mwenyewe chukua mkasi mdogo, ingiza mkono ndani sentimita 15 hivi, kata tawi moja hapa, jingine pale, kwa ndani, ubaki na vitundu ambavyo kwa nje huvioni lakini mwanga unaingia. Hii ndo siri ya ua wa zamani ambao bado una majani mpaka chini.

Kuhusu rangi. Duranta ya njano inabaki njano ikipata jua, ikiwekwa kivulini majani yanakuwa ya kijani ili yaweze kutumia mwanga kidogo uliopo, kwahiyo hapo kwenye mwembe hakuna mbolea itakayorudisha njano, punguza matawi ya chini ya mwembe au kubali kijani. Lakini kuna kijani kingine tofauti: pale kwenye jua kabisa, katikati ya njano, linachomoza tawi moja lenye nguvu, majani yote kijani. Hilo ni tawi lililorudi kwenye asili yake. Lifuate mpaka linapoanzia ulitoe lote, usilikate juu tu, maana lina kijani kingi, linatengeneza chakula kingi, linakua haraka kuliko wenzake na likiachwa linaufunika ua wote.

Mapengo yatakayobaki jaza kwa vipandikizi vya ua wako mwenyewe. Tawi lililokomaa kiasi, sentimita 10 mpaka 15, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, weka kivulini, pawe na unyevu. Duranta inatoa mizizi kirahisi, hutanunua kitaluni.

SWALI: Bibi, duranta yangu huku Morogoro sikuikata muda mrefu, imetoa maua ya zambarau mazuri na sasa vitunda vya njano kama chungwa. Mjukuu wangu ana miaka miwili anavichuma. Jirani kasema ni sumu, ni kweli au maneno tu?

JIBU: Ni kweli, na umefanya vizuri kuuliza mapema. Vile vitunda vina sumu, na majani pia sio chakula, hata ukikata usiwarushie sungura. Ndege wanakula hawadhuriki, ndo maana mtu anaona ni salama. Mtoto akimeza mpeleke hospitali muda huo huo, beba na tawi lenye vitunda ili daktari aone ni kitu gani. Wakati huo huo kata vishada vyote leo, okota na vilivyoanguka chini, fukia. Duranta inachanua kwenye matawi mapya, kwahiyo ukiipunguza mara kwa mara haipati nafasi ya kuchanua wala kuzaa. Kwa nyumba yenye watoto wadogo mimi ningeacha uzuri wa maua kwa miaka hiyo michache.

SWALI: Habari ya kazi Bibi Shamba. Niko Kitengela, Kenya. Nilipanda rozmari kando ya njia ya kuingia kwa nyumba, ikawa imemea vizuri lakini ikaanza kulala kwa cabro, yale matofali ya njia. Nikaambia kijana anayenisaidia aikate ibaki fupi, akaikata yote mpaka ikabaki miti tu. Sasa ni zaidi ya mwezi na haijatoa hata jani moja. Nimekuwa nikiimwagia maji kila jioni. Itarudi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, pole sana. Yale niliyomwambia mama wa Goba hapo juu, kwako ni kinyume chake. Rozmari ni ya vilima vya mawe vya kando ya bahari ya Mediterania, na tawi lake likishazeeka likawa mti wa kahawia usio na majani, macho yake mengi yameshalala moja kwa moja. Ukikata mahali penye majani chini ya kidonda inachipua vizuri kabisa. Ukikata chini ya majani yote, pale kwenye mti mtupu, mara nyingi hakitoki kitu. Lavenda nayo ni hivyo hivyo, wenye lavenda msome hapa.

Fanya ile ya ukucha. Pita mmea mmoja mmoja. Wenye kijani chini ya gome, na hasa wenye walau kijitawi kimoja chenye majani, uache mwezi mwingine. Uliokauka mpaka chini ung'oe, usipoteze maji.

Na hayo maji ya kila jioni acha. Udongo wenu wa Kitengela ni ule mweusi mzito, ukilowa unashika maji siku nyingi, na mmea usio na majani haunywi, kwahiyo mizizi inakaa kwenye tope na kuoza. Huenda hiyo miti mingine haikuuawa na mkasi, inauawa na ndoo. Chimbua kwa kidole, udongo ukiwa na unyevu usimwagilie.

Ukipanda tena inua tuta, sentimita 20 au 30 juu ya usawa wa njia, changanya kokoto ndogo au mchanga mwingi, na panda mbali na cabro, angalau hatua moja, kwasababu rozmari inatanuka na njia ikiwa karibu utalazimika kuikata kila saa. Miche pata kwa jirani: ncha laini za kijani zisizo na maua, urefu wa kidole cha kati, toa majani nusu ya chini, chomeka kwenye mchanganyiko wa mchanga.

Halafu anza kupogoa ikiwa bado ndogo. Usingoje ilale kwa cabro ndo utafute mkasi. Kila ikimaliza kuchanua, punguza ncha, usizidishe theluthi moja ya urefu wa kile kijani, na kabla ya kila kidonda angalia chini yake: yapo majani? Kata. Hayapo? Rudi juu. Mwonyeshe huyo kijana kwa mkono wako kwenye tawi moja, usimwambie tu "kata iwe fupi", kwasababu alifanya ulichomwambia. Na hizo ncha ukikata usitupe, zinafaa sana kwa nyama ya kuchoma na viazi vya ovena.

SWALI: Assalaam aleikum Bibi. Mie niko Mombasa, Nyali. Nina iksora za chini chini mbele ya nyumba, zile nyekundu. Zakatwa vizuri kila mara, zimenyooka, lakini maua siyaoni, na majani yageuka njano ila mishipa yake yabaki kijani. Nimezitia majivu ya jikoni wala hazikubadilika. Tafadhali nisaidie.

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah. Maua ya iksora yanatoka kwenye ncha ya tawi, na hiyo ncha lazima ikue na kukomaa kwanza. Nyie mnaipitia na mkasi kila mara, yaani mnakata maua kabla hayajaonekana. Acheni kabisa zichanue, kile kishada kikinyauka ndo mnakata, chini yake jozi mbili tatu za majani, halafu mkasi unawekwa mpaka zamu nyingine. Zitakuwa na umbo la kuviringika kidogo, hazitanyooka kama ukuta, na kwangu mimi ndo zinapendeza. Zikizeeka zinavumilia kukatwa sana, ila fanyeni mvua zinapoanza na mjue maua yatachelewa.

Hiyo njano yenye mishipa ya kijani ni mmea kukosa madini ya chuma. Huko pwani udongo umejaa matumbawe, na matumbawe ni chokaa, sasa chuma kinakuwepo udongoni lakini kimefungwa, mzizi hauwezi kukichukua. Iksora inapenda udongo wenye uchachu. Majivu yanafanya kazi ile ile ya chokaa, yanapunguza uchachu, kwahiyo tafadhali usiongeze tena. Angalia pia kama fundi alifukia vifusi vya saruji hapo mbele wakati wa ujenzi, hiyo ni kawaida sana kwenye nyumba mpya. Weka mboji nyingi, uliza duka la pembejeo wakupe salfa ya bustani, na kwa haraka nunua mbolea ya chuma ya kupulizia majani, ile iliyotengenezwa isifungwe na chokaa, fuata kipimo cha kwenye paketi. Majani mapya yatatoka kijani, yale ya zamani usitegemee yarudi.

SWALI: Salamu kutoka Columbus, Ohio. Tumenunua nyumba mwaka jana, mbele kuna ile junipa inayotambaa chini, imekaa pembeni ya njia ya gari na sasa imeingia njiani karibu nusu mita. Mume wangu amenunua mashine ya umeme ya kukatia fensi anataka apige mstari mmoja kwa kufuata ukingo wa njia. Tukate lini na tukate vipi? Sisi tumezoea michongoma ya nyumbani.

JIBU: Mashine irudi kwenye boksi kwanza. Junipa hiyo ni ndugu wa mtarakwa wetu, ule wa misitu ya Mlima Kenya na Aberdare, ila huyo wa kwenu ametambaa badala ya kusimama. Nayo ni kali kuliko rozmari: kwenye mti mkavu wa kahawia haichipui kabisa. Inua lile tabaka la juu uone, ndani kote ni kahawia, na hiyo kahawia ya ndani ni hali yake ya kawaida kwa kukosa mwanga, haiumwi. Ukipiga mstari kwenye ukingo wa njia, nusu mita nzima, mtabaki na ukuta wa vijiti vya kahawia unaowatazama kila mkiingia na gari, na utabaki hivyo hivyo miaka yote.

Ikateni kwa mkono, tawi moja moja. Shika tawi refu linaloingia njiani, linyanyue, lifuate kwa chini mpaka ukute panda, pale ambapo kuna tawi jingine fupi la kijani linaloelekea upande wa nyumba. Kata pale kwenye panda, kidonda kibaki kimefunikwa na tawi la juu. Ukiachia hakuna atakayejua umekata. Vaeni mikono mirefu, sindano zake zinawasha na utomvu unanata.

Muda wake ni mwisho wa baridi, Machi kwenda Aprili, kabla ukuaji mpya haujaanza. Msikate sana mwishoni mwa kiangazi wala vuli ya huko, machipukizi laini yanakutwa na barafu. Na msichukue kijani chote mwaka mmoja, gawanyeni miaka miwili mitatu. Kama sehemu yenye kijani yote iko njiani na nyuma yake ni kahawia tupu, basi hapo kupogoa hakusaidii, toeni hiyo mimea mpande upya mita moja na nusu au zaidi kutoka kwenye njia, kwasababu upana wake wote unafika mita mbili mpaka tatu bila shida.

Kitu kimoja cha kuangalia. Kahawia ikiwa ndani sawa, lakini ikiwa kwenye ncha changa wakati wa machipuko, mara nyingi ni ukungu, hizo ncha mzikate siku kavu mkazitupe kwenye taka, zisiachwe chini ya mmea. Na kahawia ikiwa upande wa barabarani tu, hapo mfikirie chumvi ya kuyeyushia barafu. Theluji mnayosafisha njiani msiisukumie juu ya hiyo junipa, na baridi ikiisha fungulieni maji mengi pale kwenye mizizi yaisukume chumvi iende chini.